DVD ya harusi imegoma kusoma: tafuta chanzo kabla hujaisugua

Deki ikiandika "NO DISC", au picha ikiganda bibi harusi akiwa bado mlangoni, wengi hukimbilia kitambaa, na kitambaa kikishindwa hukimbilia dawa ya meno. Naomba usianze hapo. Diski iliyogoma inaweza kuwa chafu au imekwaruzika, lakini pia inaweza kuwa nzima kabisa na kasoro ikawa kwenye jicho la deki, kile kioo kidogo ambacho leza ya kusomea hupitia. Inaweza kuwa haikufungwa siku ilipochomwa, yaani hatua ya mwisho ya kurekodi ilirukwa. Inaweza kuwa imefifia kwa ndani, na hapo hata uisugue mpaka kesho utaambulia mikwaruzo mipya tu. Kila chanzo kina tiba yake, na tiba ya chanzo kimoja huweza kuimaliza diski yenye tatizo jingine.

Mwongozo huu nimeuandika hasa kwa ajili ya diski za kuchomwa: harusi, send-off, maulidi, ubatizo, mahafali, misiba, zile ambazo wapiga video wa mitaani walitukabidhi kwenye kasha la plastiki miaka ya 2000 na kuendelea, mpaka flashi zilipochukua nafasi. Filamu ya dukani ikifa, nakala nyingine ipo mahali. Harusi ya wazazi wako haiuzwi dukani, na tepu za kamera iliyotumika siku ile mara nyingi zilishatumika tena kwa kazi nyingine. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga kitu kimoja, kuitoa video ndani ya diski na kuihamishia mahali salama. Diski yenyewe haina haja ya kung'aa.

Leza inatazama wapi

CD na DVD zina kipenyo kimoja cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2, ila data haikai mahali pamoja. Kwenye CD data iko juu kabisa, chini ya lebo, imefunikwa na utando mwembamba wa vanishi tu. Kwenye DVD iko katikati, baina ya sahani mbili za plastiki zenye milimita 0.6 kila moja, zilizoshikanishwa kwa gundi. Kwenye Blu-ray iko karibu sana na upande wa kusomea, imekingwa na tabaka la milimita 0.1. Tofauti hii ndiyo itakayokuambia baadaye kipi kinatibika na kipi hakitibiki.

Leza hupenya plastiki na kulenga data iliyo ndani, kwa hiyo vumbi dogo na mikwaruzo hafifu ya juu hubaki nje ya shabaha yake. Ni kama kutazama barabarani kupitia wavu wa mbu wa dirishani: jicho likishaishika barabara, nyuzi hazionekani tena. Kinachoiangusha leza ni mafuta ya vidole yanayotawanya mwanga, mkwaruzo mpana au wenye kina, au kasoro iliyo kwenye data yenyewe.

Ndani ya deki kuna pia hesabu za kusahihisha makosa, zilizojengwa juu ya kazi ya Wamarekani Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960. CD inaweza kuziba pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari wa data bila wewe kusikia lolote, na DVD takriban milimita 6. Mstari huo huanzia ndani na kuzunguka kuelekea nje. Mkwaruzo unaotoka tunduni kwenda ukingoni hukata kila mzunguko sehemu ndogo tu, na hesabu huziba. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hukaa juu ya mstari ule ule kwa sentimita nzima, na hapo hesabu hazifui dafu. Ndiyo sababu diski hufutwa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha mkono. Kitambaa kikiacha alama, basi iwe ile inayosameheka.

Hesabu hizo hizo huficha ugonjwa. Diski inaweza kuchakaa mwaka baada ya mwaka na usione tofauti yoyote, maana kila kosa linazibwa kimya kimya. Siku makosa yanapozidi uwezo wake, picha inapasuka vipande ghafla. Shangazi akikuapia kwamba mara ya mwisho ilisoma vizuri tu, anasema kweli. Na ukiwa na diski nyingine za shughuli ile ile, za umri ule ule, ambazo bado zinasoma, zihamishe leo.

Kwanza kabisa: badilishana

Chukua diski iliyogoma uiweke kwenye deki au kompyuta nyingine. Kisha chukua diski nyingine unayojua ni nzima, uiweke kwenye deki ile iliyogoma. Kazi hii ni ya dakika chache na inakata nusu ya mashaka yote.

Diski yako ikisoma kwingine bila shida, iache kama ilivyo, usiifute wala kuigusa. Mgonjwa ni deki. Ikigoma kila mahali huku diski nyingine zikisoma, mgonjwa ni diski. Ikisoma nusu hapa na nusu kule, huenda vyote viwili vimechoka, na hilo kwa diski za zamani ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Deki inagoma diski zote, au aina moja tu

Ikigoma kila kitu, jicho lina vumbi au leza imekufa. Ukisikia motor inajaribu kuzungusha, inaacha, inajaribu tena, anza na vumbi. Nyumba zetu zina vumbi, jiko la mkaa na taa za mafuta huacha utando wa masizi, na mende hupenda joto la ndani ya deki.

Ikisoma CD lakini DVD haisomi, au kinyume chake, usipoteze muda na kitambaa. Deki nyingi za DVD zina leza mbili katika kichwa kimoja, ya nanomita 780 kwa ajili ya CD na ya nanomita 650 kwa ajili ya DVD, na mojawapo inaweza kufa peke yake. Hapo ni kubadilisha kichwa au deki nzima.

Ikisoma filamu za dukani lakini za kuchomwa hazisomi, leza imeanza kudhoofika au jicho lina ukungu wa uchafu. Diski ya kiwandani ina vishimo halisi vilivyogandamizwa kwenye plastiki na kupakwa alumini. Ya kuchomwa ina rangi iliyounguzwa na leza, na tofauti baina ya palipoungua na pasipoungua ni ndogo zaidi. Zile za kufutika, zenye RW mwishoni, hurudisha mwanga kidogo kabisa, kwa hiyo ndizo za kwanza kukataliwa.

Kusafisha jicho ni rahisi kwenye kompyuta ya mapajani, maana ukivuta trei jicho lile hapo, kioo kidogo cha samawati. Kwenye deki ya mezani inabidi kufungua mfuniko. Chomoa waya wa umeme kwanza, na usiiwashe deki ikiwa wazi ili uchungulie kama leza inawaka, kwani ile ya CD karibu haionekani kwa macho na inaweza kuyaumiza. Lowesha pamba ya masikio kwa tone moja la isopropili (spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme), gusa kioo kwa wepesi, futa kidogo, kisha pitisha pamba kavu. Kioo kimening'inia kwenye nyaya nyembamba mno, na ukikikandamiza umekimaliza. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa mimi siipendi kwa kazi hii. Baadhi zina mafuta ndani yake, na hayo hukauka yakaacha utando mbaya kuliko vumbi lililokuwapo.

Kwa wenye deki ndogo za nje za kuchomeka kwenye USB kuna chanzo kingine kinachofanana sana na diski mbovu, nacho ni umeme mdogo. Diski inaanza kuzunguka, inalia "tik", inasimama, inaanza tena. Ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja, bila kupitia kigawanyaji, na kama waya wake una vichwa viwili, tumia vyote viwili.

Diski inaonekana tupu au "haifai"

Hapa ndipo watu hupoteza video ambazo hazikuwa na ubovu wowote, kwa hiyo naomba twende polepole.

Igeuze diski uitazame upande wa kusomea, ukiiinamisha chini ya taa. Diski ya kuchomwa huonyesha kwa macho mahali ilipoandikwa. Kuanzia ndani kuna pete yenye rangi iliyokoza kidogo, halafu mpaka ulio wazi kama umechorwa kwa bikari, halafu eneo la nje lenye rangi yake ya asili. Kama pete hiyo ipo na kompyuta inadai diski ni tupu, kompyuta haijui kinachoendelea. Windows inaweza kukuuliza kama unataka kuiandaa diski kwa matumizi. Kataa. Ukikubali, unaweza kuandika juu ya kile ulichokuja kukitafuta.

Mara nyingi sababu ni kwamba diski haikufungwa. Mtu alipomaliza kurekodi, hasa kwenye kamera zilizotumia vidiski vidogo vya sentimita 8, alitakiwa kuchagua kwenye menyu hatua ya mwisho inayoandika orodha ya yaliyomo. Bila hatua hiyo kamera yenyewe inaisoma, deki nyingine haziisomi. Kama kamera ile bado ipo kwenye kabati la mtu na inawaka, rudisha diski humo uifunge. Kama haipo, programu ya IsoBuster inaweza kutafuta video ndani ya diski isiyofungwa bila kutegemea orodha.

Sababu nyingine ni eneo. Filamu za dukani hufungiwa namba ya eneo: Afrika Mashariki ni 5, Marekani na Kanada ni 1, Ulaya na nchi za Ghuba ni 2. Filamu uliyoletewa na ndugu kutoka Toronto au Muscat inaweza kukataliwa na deki ya Mwanza huku ikiwa mpya kabisa. Kompyuta huruhusu kubadilisha namba hiyo mara 5 tu, kisha inabaki hapo hapo, kwa hiyo usiibadilishe ovyo. Diski za kuchomwa za harusi kwa kawaida hazina kifungo hiki. Ila zilizorekodiwa Amerika Kaskazini huwa kwa mfumo wa NTSC, na kwenye televisheni ya zamani ya PAL, mfumo wa huku kwetu, picha hutoka bila rangi au inapanda na kushuka. Hilo nalo halina uhusiano na uchafu.

Tena kuna diski zenye faili za MP4 zilizonakiliwa tu kama kwenye flashi. Deki ya zamani haizielewi, kompyuta inazifungua mara moja.

Inaanza vizuri, inaganda pale pale kila mara

Hii ni dalili ya diski yenyewe, na ni dalili nzuri kwa maana inakuonyesha pa kutazama. Kusoma kunaanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo muda wa video ni umbali kutoka katikati. Data ya DVD huanza takriban milimita 24 kutoka katikati na diski iliyojaa huishia takriban milimita 58. Lakini mizunguko ya nje ni mirefu na inabeba data nyingi zaidi, kwa hiyo nusu ya video ya diski iliyojaa haipo nusu ya upana, iko karibu na milimita 44. Kama harusi inaganda katikati ya muda wake, weka rula na utazame hapo. Kama inaganda mwanzoni, tazama karibu na tundu. Mkwaruzo ulio nje ya pete iliyoandikwa hauna madhara yoyote hata ukiwa wa kutisha.

Ukishapata eneo, jiulize kilichopo ni nini.

Alama ya kidole, tone la soda lililokauka, ukungu mweupe wa kabati lenye unyevu: hivi vinasafishika. Tumia kitambaa laini cha kufutia miwani, kikavu na kisicho na vumbi, kutoka katikati kwenda nje. Visipotoka, osha. Maji ya kawaida yanayotiririka, tone la sabuni ya maji ya vyombo, ncha ya kidole kilichonawa, mwelekeo ule ule. Suuza vizuri. Ukiwa pwani na maji yako ni ya kisima chenye chumvi, suuza mwisho kwa maji ya kunywa ya chupa, la sivyo yataacha madoa meupe yakikauka. Simamisha diski kivulini mpaka ikauke yenyewe, au iguse kwa kitambaa bila kusugua. Isopropili inafaa kwa mafuta sugu. Usitumie petroli, tina, asetoni wala dawa ya kutoa rangi ya kucha, maana huyeyusha plastiki na kuifanya kuwa nyeupe milele. Jeli za kunawia mikono huacha mabaki. Karatasi za chooni na pindo la shati hukwaruza.

Kabla hujaosha, kagua ukingo na pembeni mwa tundu. Ukiona sahani mbili za DVD zimeanza kuachana, au lebo ya CD imebanduka, usiilowanishe. Maji yataingia ndani.

Mkwaruzo halisi, ule ambao ukucha unaushika, ni kesi nyingine. Upande wa kusomea wa CD na DVD unaweza kung'arishwa, kwa sababu data iko mbali ndani ya plastiki na kazi ni kuusawazisha uso ili mwanga upite bila kupindwa. Mashine za kung'arisha diski hufanya hivyo vizuri zaidi kuliko mkono. Dawa ya meno nyeupe, si ile ya jeli, ni mchanga laini sana na inaweza kusaidia mkwaruzo mmoja mwembamba, ikipakwa kidogo na kusuguliwa taratibu kwa mistari ya kutoka katikati kwenda nje, kisha kuoshwa. Naiweka mwisho kabisa, baada ya kunakili kila kinachosomeka, kwa sababu ikikosewa hufanya ukungu juu ya sehemu ambazo zilikuwa nzima. Blu-ray usiing'arishe hata kidogo. Kinga yake ya milimita 0.1 haina cha kupunguzwa.

Sasa upande wa lebo, ambao watu huudharau kwa kuwa hauna "kioo". Kwa CD huo ndio upande wa hatari. Iinue CD kuelekea kwenye taa uitazame kutoka chini. Ukiona vitone vya mwanga vinapenya, kila kitone ni mahali ambapo utando unaorudisha mwanga haupo tena, na data iliyokuwa hapo imeondoka nao. Hakuna kusafisha wala kung'arisha kutakakoirudisha. Utaona mara nyingi kwamba vitone vimejipanga kwa umbo la herufi, kwa sababu mtu aliandika jina la shughuli kwa kalamu ya wino wa ncha ngumu, akakandamiza, na maandishi yakatoboa vanishi. Kwa DVD maandishi kama hayo hayafiki kwenye data, maana kuna sahani nzima ya juu inayoikinga.

Stika za karatasi ni adui mwingine wa kimya. Ikibandikwa upande kidogo inayumbisha diski ikizunguka kwa kasi, na kwa joto inajikunja na kuipinda DVD. Usiibandue. Kwa CD itatoka na utando wa data. Kama inayumba, soma kwa kasi ndogo.

Mambo mawili yanayofanana na mkwaruzo bila kuwa mkwaruzo. Filamu ya dukani ya tabaka mbili, yenye ujazo wa gigabaiti 8.5, ikiganda karibu na katikati kila mara, mara nyingi deki inashindwa kuhama kutoka tabaka moja kwenda jingine. Jaribu deki nyingine, au ruka sura moja mbele. Na diski ya kuchomwa ikiganda mwishoni, kwenye keki na zawadi, angalia ukingo. Hapo ndipo diski za bei nafuu zilizochomwa kwa haraka huwa dhaifu zaidi, ndipo vidole hushika, na ndipo kupinda huonekana kwanza.

Inaganda mahali tofauti kila mara

Leo dakika ya kumi, kesho ya thelathini. Diski haitembezi mkwaruzo, kwa hiyo rudi kwenye deki: jicho chafu, leza dhaifu, au joto. Kama inasoma vizuri ikiwa imewashwa sasa hivi na kuanza kuchengachenga baada ya muda, iache ipoe. Kama diski inayumba au inalia kwa kukwangua, hakikisha imekaa sawa kwenye kitovu cha trei.

Safi, haina mkwaruzo, na bado imekufa

Hii ndiyo inayoniuma zaidi kuliko zote, kwa kuwa mwenye diski huwa ameitunza vizuri. Rangi iliyo ndani ya diski ya kuchomwa hufifia kwa jua na joto. Iliyokaa kwenye dashibodi ya gari, juu ya televisheni karibu na dirisha, au chini ya bati bila dari, hufifia mapema. Diski ya bei nafuu yenye rangi duni hufifia hata kabatini. Kwa nje hutaona kitu, labda rangi iliyopauka ukiilinganisha na nyingine ya aina ile ile.

Kusafisha hakusaidii hapa. Kinachosaidia ni kubadilisha wasomaji. Deki za kompyuta hutofautiana sana katika kuvumilia diski dhaifu, na ile iliyokataliwa na tatu inaweza kukubaliwa na ya nne, mara nyingine ya zamani kuliko zote. Omba za majirani, omba ya ofisini, omba ya fundi.

Iliyopasuka kutoka kwenye tundu ni suala la usalama. Deki ya kompyuta ya kasi ya 52 huzungusha CD takriban mara 10,000 kwa dakika, na ufa mdogo kwa kasi hiyo huweza kuilipua diski ndani ya deki. Ufa ukiwa umefika eneo la data, usiiweke. Ukiwa bado kwenye plastiki ya katikati tu, iweke pale tu utakapokuwa tayari kunakili, kwa kasi ndogo kabisa, na usiirudishe tena.

Kunakili diski dhaifu

Kosa la kawaida ni kukokota faili kutoka kwenye diski kwenda kwenye kompyuta. Windows ikikutana na sehemu moja mbovu inasimama na kuacha kila kitu, hata gigabaiti nne nzima zilizobaki. Unahitaji programu inayoruka ubovu, inachukua kizuri chote kwanza, kisha inarudi kupambana na kilichobaki. Mimi natumia ddrescue, ya bure, kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Unaweza kuwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako.

Amri hizi huandikwa kwenye dirisha la amri (terminal), na /dev/sr0 kwa kawaida ndilo jina la deki ya kompyuta. Punguza kasi kwanza, kisha pita mara ya kwanza bila kung'ang'ania sehemu mbovu:

`eject -x 4 /dev/sr0`
`ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Baadaye rudi kwenye sehemu zilizoshindikana:

`ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Faili la harusi.iso ndiyo nakala yenyewe ya diski, na harusi.map ndilo siri ya kazi hii. Linakumbuka kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha data, iliyopatikana na iliyokosekana. Kwa hiyo unaweza kuichukua diski, harusi.iso na harusi.map hadi kwenye kompyuta ya rafiki, ukarudia amri ya pili, na deki ya huko itajaribu zile zilizokosekana tu. Deki moja hupata hizi, nyingine zile, na nakala inajijaza. Kati ya raundi moja na nyingine ndipo unapoweza kuosha, na mwisho kabisa kung'arisha, ukijua kwamba ulichokwishapata hakiwezi kupotea.

Hifadhi harusi.iso kwenye hard disk ya nje au kwenye flashi iliyoandaliwa (format) kwa mpangilio wa exFAT au NTFS. Flashi nyingi huja na FAT32, na hiyo haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. DVD iliyojaa ni gigabaiti 4.7, kwa hiyo kazi itakatika karibu na mwisho na utadhani diski ndiyo mbovu.

Fungua nakala kwa VLC, programu ya kuchezea video. Sekta chache zilizokosekana ni kupepesa kwa sekunde moja au mbili. Ikigoma kuanza, ingia kwenye folda ya VIDEO_TS. Faili zenye IFO mwishoni hubeba maelekezo ya kuchezesha, na kila moja ina pacha wake mwenye BUP. IFO ikiwa imeharibika, nakili BUP na uipe jina la IFO. Hata zote mbili zikifa, faili za VOB zina picha na sauti zenyewe, na VLC huzicheza moja moja.

VCD, yaani CD zenye video, zina njia yake. Taarabu na filamu nyingi za Kibongo zilitoka kwa mtindo huo, na shughuli za kifamilia pia. Video hukaa kwenye folda ya MPEGAV, faili la AVSEQ01.DAT, na imeandikwa kwa sekta za baiti 2324 badala ya 2048, nafasi ile iliyotumika kwa kinga ya ziada ikiwa imepewa picha. Deki huvumilia makosa na kuendelea. Kompyuta ikijaribu kunakili faili hilo kama la kawaida husema kuna kosa la data, na ddrescue kwa amri za hapo juu itashindwa nayo hata diski ikiwa mpya. Tumia IsoBuster, au vcdxrip kwenye Linux, zinazojua kusoma sekta za aina hiyo.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe diski yake, cheza nakala kwenye sehemu tatu: mwanzo, pale palipokuwa panaganda, na dakika tano za mwisho. Nakala inayofunguka mwanzoni inaweza kuwa imekatika kabla ya keki. Kisha weka nakala mbili, kwenye vifaa viwili tofauti, katika nyumba mbili tofauti, na diski ya asili irudishwe kwenye kasha lake lililosimamishwa wima, mbali na dirisha.